Siku 14 za rufaa: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma

Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Nairobi.
Nakala kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), na kwa Jaji Mkuu.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni karani mstaafu wa mahakama. Kwa miaka 27 nimeita majina ya washtakiwa mlangoni, nimewaapisha mashahidi, nimewatafsiria wasiojua Kiingereza, na nimebeba mafaili hadi bega likainama upande mmoja. Miaka 6 ya mwisho niliitumikia korti inayosikiliza kesi za ufisadi. Sheria siijui anavyoijua wakili. Naijua anavyoijua mtu aliyekaa chini ya meza ya hakimu kutwa, akisikia nani amekuja amejiandaa na nani amekuja kuomba tarehe nyingine.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni simu. Kuna mama mmoja, mhasibu msaidizi katika afisi moja ya umma, aliyetoa ushahidi dhidi ya mkubwa wake. Simtaji yeye, wala afisi, wala korti. Mkubwa huyo aliachiliwa huru. Siku ya 3 baada ya hukumu mama akanipigia: "Mzee, wamekata rufaa?" Nikamwambia bado mapema. Siku ya 10 akapiga tena. Siku ya 14 akapiga saa kumi na moja jioni, kwa sauti ya chini, maana alikuwa bado kazini na yule bwana alikuwa amesharudi, mlango wa tatu kutoka kwake. Kesho yake nikaenda rejista kama mwananchi mwingine yeyote, kijana mmoja niliyemfundisha kazi akanitazamia. Hakukuwa na hati ya rufaa. Hakukuwa pia na karatasi yoyote ya kusema hamkati.

Naomba nieleweke tangu hapa. Sikusihi ukate rufaa kila mtu anapoachiliwa. Nimeona watu wakiachiliwa kwa haki, nikafurahi kimoyomoyo ingawa karani hapaswi kufurahi wala kununa. Ninachodai ni kimoja: kila mara mahakama inapomwachilia mtu aliyeshtakiwa kwa pesa za umma, afisi yako itamke hadharani, ndani ya siku 14, kama inakata rufaa au haikati, na itoe sababu. Ukurasa mmoja unatosha. Tulichozoea ni kimya, au ahadi ya haraka inayotolewa siku ya hukumu yenyewe, kabla hata nakala haijagongwa muhuri.

Nguvu unazo. Kifungu cha 348A cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinakuruhusu kupinga uamuzi wa kumwachilia mshtakiwa, kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, au kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufaa. Zamani ulifungiwa kwenye hoja za sheria tu. Tangu marekebisho ya 2014 unaweza kubishana hata juu ya ukweli wenyewe, kwamba hakimu aliupima ushahidi vibaya au alimsadiki asiyesadikika. Ukishinda, korti ya juu inaweza kufuta uamuzi ule, ikamtia mtu hatiani na kumpa adhabu yake. Si nguvu ndogo hizo. Kule Marekani, mshtakiwa akishaachiliwa na jopo la raia, serikali haina pa kwenda tena.

Kifungu cha 349 ndicho kinachokupa siku 14. Hichohicho kinasema mlango unaweza kufunguliwa baadaye kukiwa na sababu ya maana, tena ni lazima ufunguliwe iwapo ulichelewa kwa kukosa nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi baada ya kuziomba. Mawakili wa serikali wanaujua mlango huo wa nyuma vizuri mno. Wameuzoea hadi umekuwa ndio wa mbele.

Sasa niseme kitu ambacho walio nje ya korti hawakijui, ndiyo maana wanadhani rufaa ni dawa ya kila kesi iliyopotea. Rufaa haiwaiti mashahidi waje tena. Majaji husoma makaratasi. Tangu kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri, 1972, kila wakili anajua kwamba korti ya kwanza ya rufaa ina wajibu wa kuuchambua ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikumwona shahidi akitokwa na jasho. (Jasho ni langu, majaji walilisema kwa heshima zaidi.) Kwa hiyo kilichomo ndani ya faili ndicho kilichomo. Ambacho hakikuingia siku ile, hakipo.

Nikupe mfano niliouona kwa macho. Kesi ya malipo hewa. Kiongozi wa mashtaka anamwonyesha shahidi taarifa ya benki, kurasa 30 na kitu. Shahidi anaitambua. Wakili wa utetezi anasimama: cheti kiko wapi? Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka karatasi iliyochapishwa kutoka kwenye kompyuta iambatane na cheti cha mtu anayehusika na mtambo huo. Cheti hakuna. Kiongozi wa mashtaka anaomba hati itambuliwe tu kwa sasa, mpelelezi ataitoa rasmi baadaye pamoja na cheti chake. Hakimu anakubali. Nami naandika pembeni kwa kalamu nyekundu: MFI 7, yaani hati ya 7, iliyotambuliwa tu (marked for identification). Herufi hizo tatu, Mheshimiwa, unazijua kuliko mimi. Hati imeonekana, haijapokewa. Ni mgeni aliyebisha hodi, akaambiwa subiri, akaachwa kibarazani.

Miezi 14 baadaye mpelelezi akafika. Alikuwa amehamishiwa kituo kingine, amesafiri usiku kucha kwa basi. Cheti alikuja nacho, kwenye bahasha ya kaki. Kiongozi wa mashtaka alikuwa mwingine, wa tatu tangu kesi ianze, na faili alilipokea jana yake. Alimwongoza shahidi vizuri, nisimpunje. Akazitoa hati moja moja: 1, 2, 3, 4, 5, 6. Akaruka 7, akaenda 8. Nilikuwa nimekaa pale. Nilimwona akifunua kurasa mbili kwa pamoja, zilikuwa zimeshikana kwenye ile pini iliyoingia kutu. Karani hasemi. Nilinyamaza, na hadi leo sijui kama nilipaswa kukohoa.

Upande wa mashtaka ukafunga. Hakimu akaandika kwamba hakuna ushahidi wa pesa kuingia kwenye akaunti ya mshtakiwa, kwa kuwa taarifa ya benki haikutolewa kama kielelezo. Alikosea wapi? Mimi sioni. Jioni ile kwenye runinga nikamsikia mtu akisema mahakama zinawalinda wezi.

Ungekata rufaa dhidi ya uamuzi ule ungemwomba jaji nini? Aisome hati ya 7? Haimo. Aagize kesi ianze upya? Kesi ya Fatehali Manji dhidi ya Jamhuri, 1966, ilishaukata mzizi wa ombi hilo: kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi wake. Hurudiwa pale usikilizaji wenyewe ulipokuwa kinyume cha sheria au wenye kasoro, na haki ikadai hivyo. Karibu miaka 60 imepita na bado kuna hati za rufaa zinazosomeka kama barua ya mwanafunzi anayeomba kurudia mtihani.

Kinga ya jambo hili ni rahisi mno hadi naona haya kuiandika. Siku moja kabla ya kufunga upande wa mashtaka, mtu wa kitengo chako cha rufaa, ambaye hajawahi kuigusa kesi hiyo, alisome faili kwa kidole. Hati gani zilitambuliwa tu? Zipi zilipokewa? Shahidi gani aliahidiwa na hakuja? Haigharimu zaidi ya adhuhuri moja. Mawakili wa utetezi hufanya hivyo. Nimewaona kwenye benchi za nje wakihesabu mapengo yenu kwa kalamu.

Mifano mikubwa mnayo wenyewe. Desemba 2023, katika kesi ya mabwawa ya Arror na Kimwarer, hakimu wa korti ya Milimani, Nairobi, aliwaachilia washtakiwa kwa kukosa kesi ya kujibu. Mashahidi walioorodheshwa walikuwa 49. Waliohojiwa na upande wa mashtaka walikuwa 8 tu. Hakimu hakumumunya maneno kuhusu namna kesi ilivyoendeshwa. Na hii ni kesi ambayo mashtaka yake yaliposomwa 2019 kamera zilijaa hadi ngazini. Yaliyofuata kwenye rufaa ni ya majaji, siyagusi. Nashughulika na siku zile za kwa hakimu, kwa sababu rufaa hupikwa kwa hakimu. Katika Mahakama Kuu hupakuliwa tu.

Ndiyo maana nasema sababu zitolewe, tena kwa kutofautisha. Kuna kuachiliwa kwa kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, mshtakiwa hajafungua hata mdomo, hakimu akisema hana kesi ya kujibu. Kipimo chake ni kile cha kesi ya Bhatt ya 1957: je, korti yenye busara, ikielekezwa vyema kisheria, ingeweza kumtia hatiani kwa ushahidi huu kama mshtakiwa angenyamaza? Hapo hakimu anaweza kuteleza kirahisi. Anataka ushahidi wa kumfunga mtu, wakati uliohitajika ni wa kumfanya ajibu. Kosa la namna hiyo linafaa rufaa, na dawa yake inajulikana: arudishwe, ajitetee. Kisha kuna kifungu cha 215, baada ya pande zote kusikilizwa, hakimu amewatazama mashahidi miezi na miaka, ameandika makumi ya kurasa kueleza shaka yake inatoka wapi. Hapo jaji huingia kwa kunyata, nawe ingia kwa kunyata.

Ya tatu haina kifungu. Ni kesi mliyoiua wenyewe. Hiyo msiikatie rufaa ili kunawa mikono mbele ya watu. Semeni: tulikosea hapa na hapa, hatukati, na kiongozi wa mashtaka anayefuata atafanya hivi. Najua ni sentensi ngumu kuandikwa na afisi ya serikali. Katika miaka 27 sikuwahi kuiona.

Maana rufaa ya kunawa mikono ina mtu inayemuumiza. Namkumbuka karani mmoja wa stoo. Alitia saini kwamba bidhaa zimepokelewa, kwa amri ya bosi aliyemwambia lori liko njiani. Lori halikufika. Bosi hakushtakiwa, alikuja kama shahidi wa serikali, amevaa tai. Kesi ikachukua miaka 5, hakimu akamwachilia yule karani. Siku ya 13 serikali ikakata rufaa, hati yenye hoja 4 ambazo ungeweza kuzibandika kwenye kesi yoyote duniani: hakimu alikosea kisheria na kiukweli, hakimu alipuuza ushahidi mzito, na kadhalika. Ikalala. Kila ilipotajwa alikuja, koti lilelile la kijivu, akasimama jina lake likiitwa. Mara mwenendo haujapigwa chapa. Mara faili la korti ya chini halijaletwa. Mara wakili wa serikali ni mgeni katika jambo hili. Mwaka wa 3 rufaa ikaondolewa kwa sentensi moja, isiyo na sababu. Kwenye ngazi akaniuliza: "Sasa mimi nimekuwa huru tangu lini?"

Sikuwa na jibu. Katiba, Ibara ya 50(2)(o), inamkinga mtu asishtakiwe tena kwa kosa aliloachiliwa. Lakini rufaa huhesabiwa kuwa mwendelezo wa kesi ileile, si kesi ya pili, kwa hiyo kinga hiyo haimfai kitu mradi rufaa iko hai. Rufaa ikilala, naye analala nusu huru. Kama afisi yako ingelazimika kuandika ukurasa mmoja wa sababu siku ile ya 13, nadhani rufaa dhidi ya yule bwana wa koti la kijivu isingekatwa kabisa. Mwandishi angefika mstari wa tatu akakosa la kusema.

Upande mwingine wa mzani ni wakati. Kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba ya serikali, ilifichuliwa 2004. Mashtaka yakasomwa 2015. Aprili 2024 washtakiwa wa mojawapo ya kesi hizo, ile ya mradi wa E-Cops wa polisi, wakaachiliwa Milimani. Shahidi aliyekuwa na miaka 50 siku kashfa inafichuka alikuwa na 70 siku ya uamuzi, kama alikuwepo. Sheria ya 2003 ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi, kifungu cha 4, inamtaka hakimu maalumu asikilize kesi hizi siku baada ya siku, kadiri inavyowezekana. Niliihudumia korti hiyo miaka 6. Kilichotimia ni hayo maneno mawili ya mwisho.

Nirudi kwa mama wa simu. Kifungu cha 62 cha sheria hiyohiyo humsimamisha kazi, kwa nusu mshahara, mtumishi wa umma aliyeshtakiwa. Akiachiliwa, kusimamishwa kunakoma. Ni haki yake, mahakama imesema hana hatia. Lakini itazame Jumatatu ile ukiwa umekaa kwenye meza ya mama. Bosi anaingia kwa vigelegele. Kuna keki. Mtu anapita na sinia akimpa kila mmoja kipande, anafika kwake, anasita, anampa kidogo. Mama ana leja mbele yake, ileile aliyoisoma kortini ukurasa kwa ukurasa. Kuanzia siku hiyo, anayesubiri hukumu ni yeye.

Mwezi wa pili baada ya hapo akapata barua ya uhamisho. Kifungu cha 65 kinakataza mtu aliyeisaidia Tume kuchukuliwa hatua kwa sababu ya msaada huo, hata za kinidhamu. Barua yake haikutaja nidhamu. Ilitaja mahitaji ya utumishi. Tuna sheria ya kulinda mashahidi tangu 2006, na naiheshimu, lakini unapomtaja shahidi wa kulindwa kila mtu anawaza bastola na gari lisilo na namba. Mwenye kuhamishiwa chumba cha mafaili ya zamani hawazwi na mtu.

Kwa mama huyo ukurasa wenu mmoja ungekuwa ngao. Mngesema mnakata, bosi angejua ushahidi ule bado una wenyewe na kwamba kumgusa aliyeutoa ni kujichongea. Mngesema hamkati, mama angejua mapema, akaombe uhamisho mwenyewe pale anapopataka kabla hajahamishwa. Kimya kilimnyima yote mawili.

Najua mtanijibu kwa Ibara ya 157 ya Katiba, kwamba Mkurugenzi hapokei maelekezo ya mtu. Sawasawa. Sikuelekezi, nakuuliza. Ibara hiyohiyo inakutaka uzingatie maslahi ya umma, maslahi ya utoaji haki, na haja ya kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za kisheria. Nitajuaje kwamba umeyazingatia? Mwongozo wenu wenyewe wa 2019 kuhusu uamuzi wa kushtaki uliweka mizani miwili, wa ushahidi na wa maslahi ya umma. Itumieni siku ya rufaa pia, na mtuonyeshe ilivyolala.

Mtasema pia kwamba kutoa sababu ni kumwonyesha mpinzani silaha. Silaha gani? Hoja za rufaa zitamfikia wakili wa utetezi kabla hazijanifikia mimi. Asiyeziona ni mwananchi peke yake, na asipoziona hujitungia zake. Kuanzia mwishoni mwa 2022, miezi michache baada ya uchaguzi, kesi za ufisadi za watu wakubwa ziliondolewa kortini moja baada ya nyingine. Kuondoa kesi ni jambo moja na kuachiliwa na hakimu ni jambo lingine, hilo tunalijua sisi wa kortini. Kwenye matatu hakuna anayelijua. Huko kila anayetoka amelipa, na kila kimya ni bei.

Wala kutoa sababu si jambo geni kwenu. Kifungu cha 37 cha sheria ya 2003 kinataka taarifa ya kila mwaka kuhusu mashtaka ya ufisadi iwekwe mbele ya Bunge la Taifa, ikionyesha kila kesi imefika wapi, na pale pendekezo la Tume la kushtaki lilipokataliwa, kwa nini lilikataliwa. Ongezeni safu moja kwenye jedwali: aliachiliwa lini, tulikata au hatukukata, kwa sababu gani. Mbunge asipoisoma, mimi nitaisoma. Nina muda sasa.

Ndugu zangu wa Tume, nanyi nina neno nanyi. Ninyi mnapeleleza na kupendekeza, Mkurugenzi anashtaki. Kesi ikianguka kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na nimeona wapelelezi wenu wakitoka kortini siku ya hukumu bila hata kuuliza nakala itapatikana lini. Katika siku zile 14, mpelelezi aketi meza moja na wakili wa rufaa, amwambie hati ya 7 ilipotelea wapi. Kumbukeni pia mnayo njia ya madai, kifungu cha 55 cha sheria ya 2003, ya kufuata mali isiyoelezeka bila kusubiri mtu atiwe hatiani. Huenda wakati mwingine sababu ya kutokata rufaa ni hiyo, kwamba pesa zinafuatwa kwa mlango mwingine ambao kipimo chake cha ushahidi ni chepesi zaidi. Vizuri. Semeni basi, ili watu wasidhani mmelala.

Jaji Mkuu, nakala yako si ya adabu. Nimechapa mwenendo wa kesi kwa vidole viwili, kutoka mwandiko wa hakimu ambao hata mwenyewe aliusoma kwa kubahatisha. Kesi ya mashahidi 30 ilinichukua miezi. Muda wote huo kila upande una kisingizio kizuri, tena cha kisheria. Kesi za pesa za umma zichapwe jinsi zinavyosikilizwa, siku kwa siku, ili siku ya hukumu nakala iwe mezani na mtu asitoroke nyuma yake. Kijana aliyenitazamia pale rejista anachapa kwa vidole kumi. Mpeni kompyuta isiyozimika.

Mheshimiwa Mkurugenzi, wiki iliyopita mama alinipigia tena, safari hii mchana, kutoka kituo chake kipya. Hakuuliza kama mmekata. Aliuliza kama inawezekana kujua. Nikamwambia nitauliza kwa maandishi. Namba ya kesi nimeiandika kwenye karatasi peke yake, ndani ya bahasha, kwa sababu haifai kuwa hapa. Nitaileta mwenyewe kwenye mapokezi yenu pamoja na nakala mbili za barua hii, na nitaomba moja igongwe muhuri wa tarehe nibaki nayo, tabia ya karani haiishi. Kutoka tarehe ya muhuri huo nitahesabu siku 14, kisha nitampigia yeye kabla hajanipigia.

Wako katika utumishi,
Karani mstaafu wa mahakama